Usukani wa baiskeli ya kwendea kazini: uliorudi nyuma, ulionyooka, au wa mbio?

Kwa wiki tatu hivi vidole viwili vya mkono wangu wa kushoto, kile kidogo na cha pete, vilikuwa vinakufa ganzi kila nikikaribia Magomeni. Nikaanza kuogopa sukari. Fundi wangu wa baiskeli, mzee mmoja mwenye banda chini ya mwembe, aliniangalia nikishuka akasema, "Mwanangu, wewe huumwi. Unaulalia usukani." Ndivyo ilivyokuwa. Neva ya vidole hivyo viwili hupita kwenye kitako cha kiganja, nami nilikuwa naikandamiza kama kilomita 10 kwenda na nyingine 10 kurudi, Ubungo na Posta, kila siku ya kazi, juu ya usukani ulionyooka kama ufito.

Tangu hapo nimebadilisha usukani mara nne kwenye baiskeli mbili. Moja ni ya mlima, gia 21, matairi manene. Nyingine ni Mjapani wa mtumba, ile yenye kikapu mbele na siti ya springi, ambayo Dar na Unguja zimejaa tele. Mara mbili kati ya hizo nne nilikosea, na makosa yote mawili hayakutoka kwenye usukani wenyewe. Yalitoka kwenye vitu vinavyofungwa juu yake na chini yake.

Kalamu mbili

Kabla ya kutoa hela, kaa kwenye kiti, shika kalamu moja kila mkono kama unavyoshika mpini, funga macho, kisha nyoosha mikono mbele kama uko juu ya baiskeli, viwiko vikiwa vimelegea. Fungua macho uzitazame kwa juu. Hazijakaa kwenye mstari mmoja. Zimekaa kama paa la nyumba, kilele mbele, ncha za nje zikirudi kwako. Mkono uliotulia unataka pembe hiyo. Usukani ulionyooka unaulazimisha ujikunje kifundoni.

Sasa inama mbele, viwiko vitanuke nje. Kalamu zinaanza kunyooka. Halafu keti wima kabisa, viwiko mbavuni. Kalamu zinaelekea mbele karibu sambamba, kama mikono ya toroli. Kwa hiyo swali la kwanza si usukani upi mzuri. Jiulize utakaa vipi: ukiwa wima utahitaji uliorudi nyuma, ukiinama utahitaji ulionyooka au ulioinuka kidogo, na ukijikunja kabisa kupasua upepo ndipo ule wa mbio unapoingia.

Uliorudi nyuma na ulionyooka

Hapa ndipo penye uamuzi wa watu wengi, kwa sababu baiskeli nyingi za kwendea kazini ni ama Mjapani aliyekuja na usukani uliorudi nyuma, ama baiskeli ya mlima iliyokuja na ulionyooka, na kila mwenye moja anamtamani mwenzake.

Uliorudi nyuma una umri unaozidi karne moja na bado haujapata mpinzani kwa mtu aliyevaa nguo za ofisini. Mgongo unasimama, shingo haivutwi, mikono inakaa kama kwenye yale majaribio ya kalamu. Kwenye foleni kichwa chako kiko juu ya paa za magari madogo, unaona bajaji inayotaka kukatiza kabla haijakatiza. Upana wake ni sentimita 50 hadi 60 hivi, kwa hiyo unapita katikati ya magari bila kukwangua rangi ya mtu. Wanaobeba mzigo wanaupenda kwa sababu nyingine kabisa: ukishuka kusukuma baiskeli yenye madebe ya maziwa au kiroba cha mkaa, ule mkono mrefu uliorudi nyuma unakupa kitu cha kushika ukiwa umesimama ubavuni, bila kujipinda kufuata gurudumu la mbele.

Ubaya wake unaujua kwenye upepo na mlima. Kusi likivuma nikiwa juu ya daraja la Tanzanite, kifua changu ni tanga. Na ukitaka kusimama kwenye pedeli kupandisha kutoka bonde la Jangwani, magoti yanakaribia mikono na huna pa kuegemea mbele, inabidi ubaki umeketi na ushushe gia. Mwenye gia moja anashuka tu. Pia uzito wote unahamia kwenye makalio. Hili watu hulisahau: usukani na siti ni mke na mume. Nilipofunga usukani uliorudi nyuma kwenye baiskeli ya mlima nikabakiza siti yake nyembamba, mikono ilipona siku ya kwanza, lakini siku ya tatu nilikuwa sikai vizuri hata kwenye kiti cha ofisi. Ilibidi nitafute siti pana. Kinyume chake pia ni kweli. Ukimwekea Mjapani usukani ulionyooka ukabakiza siti yake ya springi, mapaja yanasuguana na kingo za siti kwa sababu sasa umeinama.

Ulionyooka una mambo yake mazuri. Baiskeli inajibu haraka, unakwepa shimo kwa kuinamisha bega tu. Mlimani unavuta kwa mikono miwili. Mikono ya breki na vibadilisha gia vyote vinapata nafasi ya kutosha. Na uzito unagawanyika kati ya mikono na siti, kwa hiyo barabara mbovu haikupigi yote kwenye uti wa mgongo. Kwa safari ya nusu saa yenye milima mingi, mathalani mtu wa Kimara, ningeuchukua huu bila kusita, ilimradi usiwe mnyoofu kabisa. Tafuta ambao ncha zake zimerudi nyuma kidogo, nyuzi 9 au zaidi, na ulioinuka sentimita 3 hivi pembeni. Tofauti inaonekana ndogo dukani, lakini vidole vyangu viliitambua.

Upana ndio ugomvi. Siku hizi sukani za baiskeli za mlima zinakuja na milimita 720 na kuzidi, na nilinunua mojawapo kwa sababu ilipendeza. Siku ya pili, foleni ya Magomeni, ncha ya kulia ikagonga kioo cha bajaji. Kioo hakikuvunjika, kilijikunja tu. Dereva alitoa kichwa akaniuliza kwa upole uliochoma kuliko tusi, "Braza, hiyo ni baiskeli au ng'ombe wa Kinyankole?" Jioni hiyo tukaukata kwa msumeno wa chuma, milimita 60 kila upande, ukabaki 600. Kipimo changu sasa ni mabega na kiganja kimoja kila upande, basi. Anayeishi Mji Mkongwe ajipimie kwa kichochoro chake chembamba kuliko vyote.

Ukikata, piga tupa kingo, kisha ziba ncha. Bomba la chuma lililo wazi mwishoni ni kikata maandazi, na ukianguka juu yake tumboni hutasimulia kwa kicheko. Hata kizibo cha chupa kilichochongwa ni bora kuliko tundu.

Wa mbio, na pembe

Ule uliojikunja chini kama pembe za kondoo dume sitaushughulikia sana. Unampa mwendeshaji sehemu tatu za kushika na unapasua upepo kuliko mwingine wowote. Kwa mtu wa kilomita 25 kwenye barabara iliyonyooka ni raha. Kwa mjini, mikono ikiwa juu kwenye bomba uko mbali na breki, ikiwa chini huoni mbele bila kuvunja shingo, na sehemu pekee inayofaa ni ile ya juu ya mikono ya breki. Yaani unanunua tatu, unatumia moja.

Gharama ndiyo inayoua wazo lenyewe. Bomba la usukani wa mbio ni nene kidogo pale pa kushikia, milimita 23.8, wakati sukani nyingine zote nilizotaja ni 22.2. Mikono yako ya breki ya zamani haiingii, na vibadilisha gia navyo haviingii. Unaanza upya kila kitu. Mtu akikuambia anaweza kumgeuza Mjapani wako kuwa baiskeli ya mbio kwa bei ya usukani, muulize breki zitakaa wapi.

Vijana wengine huchukua usukani wa mbio, wakaugeuza juu chini na kuukata, ukabaki na pembe mbili zilizotazama mbele. Unapendeza, unapanda mlima vizuri sana, na ni mwembamba. Shida ya breki ni ile ile, na kwenye msongamano zile pembe zinaingia dirishani kwa watu.

Breki ndizo zinazoamua

Watu huja kwa fundi wamebeba usukani mpya, wameshaulipia, halafu ndipo wanauliza kama utaingia. Wa kwanza kukataliwa ni mwenye baiskeli nyeusi ya zamani, Phoenix au Hero yenye breki za fimbo. Pale hakuna waya; mkono wa breki ni chuma kinachozunguka kwenye mabano yaliyofungwa kwenye usukani wenyewe, na fimbo zinashuka hadi kwenye magurudumu. Ukiondoa usukani umeondoa breki. Usifikiri utaweka breki za waya badala yake, maana rimu za baiskeli hizo zimeumbwa kubanwa kutoka upande wa ndani, zikivutwa kuelekea juu, na ubavu wake wa mviringo hauna pa raba za kisasa kushika. Kwa hiyo ungebadilisha na rimu. Mwenye baiskeli ya aina hiyo na maumivu ya mikono ashushe siti sentimita moja, ainue usukani kidogo, abadilishe raba za kushikia, aendelee na maisha. Usukani wake tayari ni uliorudi nyuma, na ni mzuri.

Mjapani yuko upande wa bahati. Mikono yake ya breki inaingia kwenye usukani wowote ulionyooka, na waya zake ni ndefu kwa sababu zilikuwa zinarudi hadi kifuani kwako. Ukinyoosha usukani zinabaki na vitanzi vinavyokwaruza kikapu, hivyo zifupishwe. Bakiza mikono yake ile ile. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana: breki ya mbele ya Mjapani, ile inayobana kutoka juu ya tairi, inataka mkono unaovuta waya kidogo. Breki za V za baiskeli ya mlima, zenye mikono miwili mirefu kila upande wa tairi, zinataka mkono unaovuta waya mrefu. Ukichanganya, kwa nje vyote vinafanana na vinaingia bila tabu. Mkono wa V kwenye breki ya Mjapani unakuwa mgumu kama jiwe na baiskeli haisimami. Mkono wa Mjapani kwenye breki za V unazama hadi kugusa raba ya kushikia kabla gurudumu halijashikwa sawasawa. Hilo la pili ndilo kosa langu la kwanza, niliuziwa mikono inayong'aa na duka ambalo sitalitaja, na niligundua kwenye mteremko.

Kwenda upande wa pili, yaani kuiwekea baiskeli ya mlima usukani uliorudi nyuma, tatizo ni waya fupi. Mikono inarudi nyuma sentimita 15 hadi 20, na waya wa breki ya nyuma ndio wa kwanza kulalamika. Geuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho. Breki ikijibana yenyewe au gia ikaruka, waya haufiki. Hesabu waya mpya na kava zake kwenye bajeti tangu mwanzo, na ujue kwamba mara nyingi zinazidi bei ya usukani.

Angalia pia upande. Baiskeli za Japani zinakuja na breki ya mbele mkono wa kulia. Nyingi zinazotoka Uholanzi na Ujerumani zina ya mbele kushoto. Fundi akifungua kila kitu anaweza kurudisha alivyozoea yeye. Jaribu ukiwa umesimama, bana mmoja mmoja, ujue upi ni upi kabla hujaingia barabarani. Anayezoea kushoto kuwa nyuma atabana mbele kwa nguvu zote siku mbuzi akikatiza, na ataruka yeye kabla ya mbuzi.

Uzi na rula

Kosa langu la pili lilikuwa la unene wa katikati, pale usukani unapobanwa na shingo, kile chuma kinachoubeba na kuingia kwenye uma, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Vipimo viwili ndivyo utakavyokutana navyo zaidi: 25.4 na 31.8 milimita. Baiskeli za zamani na Wajapani ni 25.4, baiskeli nyingi mpya za mlima ni 31.8. Kwa macho ni vigumu kujua ukiwa na moja tu mkononi. Huhitaji kipimo cha fundi mitambo. Zungusha uzi mara moja katikati ya usukani, weka alama, unyooshe kwenye rula. Ukisoma sentimita 8, ni 25.4. Ukisoma 10, ni 31.8. Tumia uzi huo huo pale pa kushikia: sentimita 7 maana yake mikono ya kawaida itaingia, 7.5 ni usukani wa mbio.

Usukani mwembamba unaweza kuingia kwenye shingo nene kama kuna pete maalumu ya kujazia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi nilijaziwa kwa kipande cha kopo la soda. Kilishika vizuri kwa siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili nikabana breki kwa nguvu, usukani mzima ukazunguka kuelekea chini na mimi nikaufuata. Goti lilipona. Mnene kwenye shingo nyembamba hauingii kabisa, na anayesema atapanua shingo kwa nyundo mpe mkono wa kwaheri.

Jambo jingine la kutazama ni kama shingo yako inafunguka uso kwa boliti mbili au nne, au ina boliti moja tu chini. Ya boliti moja, ambayo ndiyo ya Wajapani wengi, inataka usukani upenyezwe kutoka ncha moja kama uzi kwenye sindano, na usukani wenye kona kali unaweza kukwama njiani. Mzee wangu ana ujanja. Anatoa boliti, anaiingiza kinyume, anaweka sarafu kwenye ufa, anakaza. Boliti inaisukuma sarafu, ufa unapanuka nusu milimita, usukani unapita. Anasema sarafu ya mia inatosha, ila kwake hairudi kwa mteja.

Kama shingo ni ile inayozama ndani ya uma, unaweza kuinua usukani bila kununua chochote. Legeza boliti ya juu mizunguko miwili mitatu, igonge kichwani kwa ubao mpaka ishuke, kisha vuta shingo juu. Kuna mstari uliochongwa ubavuni mwake na usionekane nje kamwe. Ukionekana, kilichobaki ndani hakitoshi kukushikilia. Paka grisi kabla ya kurudisha. Kwa sisi wa pwani, hewa ya chumvi ikikutana na shingo ya alumini ndani ya uma wa chuma, vinashikana kama vimechomelewa, na mwakani hakuna atakayevitoa. Kwa sababu hiyo hiyo usukani wa chuma huoza chini ya raba za kushikia, mahali jasho linapotuama na jicho halifiki. Ukinunua wa mtumba, vua raba utazame. Wa alumini hauli kutu hivyo, ila ukiwa umepinda kwa ajali au una ufa mwembamba karibu na shingo, usinyooshe. Tupa.

Nilipoishia

Baiskeli ya mlima sasa ina usukani ulioinuka, milimita 600, na ndiyo naendea kazini. Mjapani nilimwekea ulionyooka kwa miezi miwili nikamrudishia wake, kwa sababu mke wangu alikataa kumpanda. "Umemfanya bwana mwingine," aliniambia, na kikapu kilikuwa kinagonga waya kila anapokata kona ya sokoni. Yeye safari yake ni kilomita tatu, tambarare, na nyanya nyuma na mbele. Kwa safari ya namna hiyo nisingegusa kitu.

Ukibadilisha, usiuze wa zamani mwezi wa kwanza. Nyuma ya banda la mzee kuna msumari mrefu ukutani umetundikwa sukani saba au nane, kila moja na kipande cha boksi chenye jina la mwenyewe. Nilimuuliza kama ni za kuuza. "Hapana," alisema, "wenyewe watarudi mikono ikiwauma." Mbili kati ya zile zilikuwa na jina langu.